Namna ya kuvusha hati ya kidijitali mpakani bila kurudishwa, kwa sisi wa Afrika Mashariki

Nina kisteshenari changu Namanga, upande wa Tanzania, sio mbali na geti. Kazi yangu ni kuprinti, kuskani na kujazia watu fomu za mtandaoni, na siku hizi nusu ya siku inaisha nikiwaeleza watu kwa nini hati yao imekataliwa ng'ambo ya pili wakati kwao ilipita bila neno. Nimeamua niandike niliyojifunza kwa makosa, mengine yangu mwenyewe, ili mtu akija nimtumie linki asome huku mi naendelea kulaminisha vitambulisho.

Nianze na kosa langu. Mama mmoja wa vitunguu, mteja wangu wa siku nyingi, alipata mnunuzi Nairobi, wakakubaliana bei, jamaa akamtumia mkataba kwa imeili akamwambia mama mi nishasaini, saini yangu ni ya kielektroniki iko humo ndani, saini na wewe urudishe. Mama akaja na simu yake. Mi nikafanya nilichokuwa nafanya miaka yote, nikaprinti, mama akasaini kwa kalamu, nikapiga skani, nikamtumia yule mnunuzi WhatsApp. Jioni simu ikaita, mwanasheria wa kule anasema mmeturudishia karatasi isiyo na saini ya mteja wangu. Sisi tunaitazama na saini tunaiona kabisa, ile michoro ya bluu iko pale chini! Kumbe ile michoro ilikuwa pambo tu, saini yenyewe ilikuwa ndani ya faili na mi ndo nimeiua kwa kuprinti. Kesho yake mama akaupeleka mkataba ule ule kwenye ofisi moja huku kwetu, karani akaupindua pindua akauliza, muhuri wa kampuni uko wapi mama? Hakuna muhuri. Rudi nyumbani.

Yaani hati moja ilikataliwa mara mbili ndani ya siku mbili, ng'ambo kwa sababu imekuwa karatasi, huku kwetu kwa sababu haijawa karatasi ya kutosha.

Kabla hujatuma chochote, jua umeshika nini

Watu wanasema "nina PDF" kama vile PDF zote ni ndugu. Hapana. Kuna picha ya karatasi, yaani skani au hata picha ya simu iliyogeuzwa PDF, hiyo inafaa kama kopi lakini haina cha kujitetea, dogo yeyote mwenye simu anakubadilishia tarehe wakati unakunywa chai. Kuna hati yenye namba ya uhakiki au QR kodi, hizi ndo nyingi zinazotoka kwenye mifumo ya serikali, eCitizen ya Kenya, Irembo ya Rwanda, usajili wa kampuni wa BRELA kwetu, hapo karatasi yenyewe ni kama tiketi ya kwenda kuuliza kwenye sava ya aliyeitoa. Kuna hati yenye saini ya kidijitali ndani, kama ya yule mnunuzi wa Nairobi. Afu kuna kitu ambacho sio hati kabisa, ni kumbukumbu iliyokaa kwenye mfumo, mfano taarifa ya forodha ya mzigo wako, hata ukiprinti kurasa 10 ukweli uko kwenye mfumo sio mkononi mwako.

Swali la kujiuliza kwa zote ni moja tu: huyu anayepokea ng'ambo, akitaka kujua kama ni kweli, atamuuliza nani na atamuulizaje? Kama jibu ni "atanitazama usoni aniamini", jiandae kurudi.

Saini ya kidijitali inafanyaje kazi, kwa kifupi kisichoumiza kichwa

Programu inachukua faili zima inalipigia hesabu, inatoka tarakimu fulani ndefu ambayo ni kama alama ya kidole ya hilo faili, ukibadilisha hata koma moja alama inakuwa nyingine kabisa. Hiyo alama anaifunga msainiji kwa ufunguo wake wa siri. Mwenzake, ambao ni ufunguo wa umma, uko kwenye cheti cha kidijitali, na cheti kinasema ufunguo huu ni wa fulani, namthibitisha mimi mtoa cheti. Anayepokea, kompyuta yake inapiga hesabu upya, inafungua kwa ufunguo wa umma, inalinganisha. Zikilingana, faili halijaguswa. Hapo bado inabaki swali la pili, huyo mtoa cheti ni nani na mimi namjuaje. Hili la pili ndo linalotuumiza mipakani, nitalirudia.

Kuona kama hati yako inayo, ifungue kwenye kompyuta kwa Adobe Reader, ile ya bure, juu kutatokea mstari unaozungumzia saini na pembeni kuna sehemu ya kubofya uone nani kasaini, saa ngapi na cheti katoa nani. Usihukumu kwa simu. Ile WhatsApp inavyokufungulia PDF haikuonyeshi chochote kuhusu saini, utaona michoro tu kama tulivyoona sisi.

Madhambi yanayoua saini

Kuprinti nishasema. Kuprinti na kuskani tena ni kuua na kuzika. Lakini kuna ya kimya kimya ambayo watu hawayajui, kwa mfano faili ni kubwa fomu inataka MB 2, mtu anaenda kwenye tovuti ya kupunguza ukubwa wa PDF, inarudi ndogo na saini imekufa. Kuunganisha PDF mbili ziwe moja, saini imekufa. Kuchagua "printi kuwa PDF" ili kutoa ukurasa mmoja tu, imekufa. Kupiga picha ya skrini, hiyo hata tusiijadili. Na kama lazima upunguze ukubwa au uunganishe na viambatisho, fanya KABLA ya kusaini, saini iwe kitu cha mwisho kabisa kugusa faili.

Kama mnasaini wawili, wa pili anasaini juu ya faili lile lile la kwanza, ndani ya programu, asitengeneze jipya. Programu nzuri inahifadhi saini ya kwanza na kuongeza ya pili. Yule mama angetakiwa asaini hivyo, au basi kila mmoja asaini nakala yake kwa njia anayoiweza na mkataba useme hivyo, tutafika.

Kutuma kwa WhatsApp sio dhambi, ila tuma kama dokumenti, sio kama picha. Imeili ni salama zaidi kwa sababu faili linabaki na jina lake na mpokeaji analipeleka kwa mwanasheria wake bila kulipitisha kwenye mikono sita.

Halafu muda. Cheti cha kusainia kina tarehe ya kuisha, kama leseni ya gari. Hati ikisainiwa leo na cheti kikaisha mwakani, mtu akifungua baada ya miaka mitatu anaweza kukuta maonyo. Dawa yake ni muhuri wa muda, yaani chombo cha tatu kinachothibitisha kwamba saini ilipigwa siku fulani wakati cheti bado hai. Ukiwa unanunua huduma ya kusaini, uliza hilo neno, muhuri wa muda, kwa mikataba ya muda mrefu ni lazima.

Kwa nini kompyuta inasema saini nzima lakini mdhamini simjui

Hili ndo swali naulizwa kuliko yote. Mtu kasaini vizuri kabisa kwa cheti halali cha nchini kwake, ng'ambo wanafungua wanakuta alama ya njano na maneno ya kutisha, wanadhani ni feki. Sio feki. Kompyuta ina orodha yake ya watoa vyeti inaowaamini, Adobe wana ya kwao, na mtoa cheti wa nchi yako anaweza asiwemo.

Sasa fikiria pasipoti. Ile ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, kwetu Tanzania ilizinduliwa Januari 2018, ina chipu, na taarifa zilizo kwenye chipu zimesainiwa kwa ufunguo wa serikali, teknolojia ile ile ya mkataba wa vitunguu. Afisa wa uwanja wa ndege wa nchi ya mbali anaweza kuithibitisha bila kupiga simu Dar, kwa sababu nchi zinabadilishana vyeti vya umma na ICAO, shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, lina hazina ya pamoja ya kuvitunzia. Kwa hiyo mwenye pasipoti hiyo anatembea na huduma ya uaminifu wa kielektroniki mfukoni na hajui. Kwenye mikataba na vyeti vya kawaida hatujafika hapo.

Wazungu wao wamefika, na sio kwa uchawi. Umoja wa Ulaya wana kanuni inaitwa eIDAS, namba 910/2014, sehemu kubwa ilianza kutumika Julai 2016. Kila nchi inatoa orodha ya watoa vyeti wake inaowakagua, orodha zote zimeunganishwa, kompyuta zinazisoma zenyewe. Saini ya daraja la juu iliyotolewa na mtu wa kwenye orodha hiyo ina nguvu sawa na ya kalamu, na iliyotoka Ureno, watu wa Poland hawaruhusiwi kuikataa eti ya kigeni. Mwaka 2024 waliirekebisha, sasa kila nchi inatakiwa iwape watu wake pochi ya kidijitali ya kuwekea kitambulisho na vyeti, ifikapo mwisho wa 2026.

Na mfano ninaoupenda zaidi ni Estonia na Finland. Estonia wana mfumo wao wa kubadilishana data tangu 2001, unaitwa X-Road, Finland wakauchukua, 2017 wakaunda taasisi ya pamoja ya kuuendeleza, na Januari 2019, kupitia mtandao wa afya wa Umoja wa Ulaya, Mfini akaanza kuingia duka la dawa Estonia akapewa dawa kwa maelekezo ya daktari wa kwao, mfamasia anaiona kwenye skrini. Hakuna karatasi iliyovuka bahari! Tena hakuna kompyuta moja kubwa katikati inayokusanya siri za watu, kila nchi inakaa na data zake, mwingine anauliza swali lenye ruhusa, anajibiwa, na ule ujumbe umesainiwa na kuandikwa kwenye kumbukumbu.

Sisi je? Sheria tunazo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha mwongozo wa sheria za mtandao mwaka 2010, saini za kielektroniki zikiwemo, Rwanda walitunga sheria yao mwaka huo huo 2010, Uganda 2011, sisi Tanzania Sheria ya Miamala ya Kielektroniki 2015, Kenya wanayo kwenye sheria yao ya habari na mawasiliano na Mamlaka ya Mawasiliano ndo inatoa leseni kwa watoa vyeti. Sheria nne nchi nne, ila orodha moja ya pamoja kama ya Ulaya hatuna, na bila orodha karani wa Namanga hana pa kumtafuta mtoa cheti wa Kampala. Simlaumu sana karani hapo, ningekuwa mimi na sahihi yangu ndo inaidhinisha pesa zitoke, na mimi ningeuliza muhuri.

Tulishaona gharama yake. Mei 2020, wakati wa korona, madereva wa malori walikaa foleni hapa Namanga siku na siku, tatizo likiwa upande mmoja hauamini majibu ya vipimo ya upande mwingine. Baadaye Jumuiya ikaleta mfumo wa kufuatilia mizigo na madereva kwa simu, majibu ya dereva yakawa yanaonekana na nchi nyingine. Na mahindi, Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi ya kwetu na ya Uganda kwa ajili ya sumukuvu, siku chache mbele wakaruhusu kwa masharti, mojawapo cheti kinachoonyesha kiwango cha sumu hakizidi 10 ppb, yaani sehemu kumi kwa bilioni. Mfanyabiashara akajikuta biashara nzima imening'inia kwenye swali la nani anaamini karatasi ya maabara ya nani.

Basi ufanyeje leo, orodha ikiwa haipo

Kwanza, muulize anayepokea KABLA hujasaini. Swali zima liwe hivi: mnapokea saini ya kielektroniki, ya aina gani, mtaihakiki kwa njia gani, mnataka na muhuri? Pata jibu kwa maandishi, hata WhatsApp inatosha, usikubali "tuma tu tutaona".

Pili, kwenye mkataba wenyewe wekeni kifungu, mistari miwili tu, kwamba pande zote zinakubali saini za kielektroniki, zinazopigwa kwa huduma fulani, na kwamba faili la kidijitali ndo asili na kilichoprintiwa ni kopi. Mwanasheria anakuwekea kwa dakika tano. Hicho hakitamlazimisha karani wa serikali, ila kati yenu wafanyabiashara kinafunga mdomo wa anayetaka kuruka baadaye.

Tatu, kama unafanya biashara ya kuvuka mpaka kila mwezi, nunua cheti kwa mtoa huduma ambaye yuko kwenye orodha ya Adobe NA ana leseni ya mdhibiti wa nchi husika, yote mawili, uliza waziwazi. Ya kwanza inaondoa ile alama ya njano, ya pili ndo inakusaidia mkifikishana mahakamani. Ukiwa na moja tu, bora ya pili.

Nne, na hii ni ya mtaani lakini inafanya kazi, ukipokea hati yenye onyo la mdhamini asiyejulikana, bofya uone cheti, kuna alama ya kidole ya cheti chenyewe humo, tarakimu ndefu, kwa Kiingereza fingerprint, mpigie msainiji kwa namba yake unayoijua wewe tangu zamani, sio iliyoandikwa kwenye ile hati, akusomee yote. Zikifanana, hapo umefanya kwa mdomo kile ambacho Ulaya kompyuta inafanya yenyewe.

Kuhusu muhuri, wadau wa Kenya mjue hili: kwenu mwaka 2020 sheria kadhaa za biashara zilirekebishwa, saini za kielektroniki zikaingizwa mpaka kwenye sheria ya mikataba na kampuni haikulazimika tena kuwa na muhuri. Sasa huku kwetu makarani wengi hawajui hilo na hawana sababu ya kulijua, wamelelewa na muhuri. Ukimtumia mtu wa Tanzania hati ya kampuni, aidha piga muhuri hivyo hivyo kama unao, au ambatanisha barua fupi inayosema sheria ya kwenu haiudai, pamoja na taarifa rasmi ya msajili inayoonyesha wakurugenzi ni kina nani. Mi nimeona hiyo barua ikivusha hati iliyokwama wiki mbili.

Na kuna vitu usivijaribu kabisa kwa saini ya mtandaoni bila kumuona wakili: wosia, mambo ya ardhi na hati ya kumpa mtu mamlaka ya kukuwakilisha. Hapo tafuta kalamu na kamishna wa viapo.

Majina na namba, hapa ndo watu wanalia

Mfumo hauna huruma ya binadamu. Karani ataona Mohamed na Muhammad akajua ni mtu mmoja, kompyuta itasema ni wawili. Kabla hujaanza maombi yoyote ya nchi nyingine, chukua pasipoti yako, andika jina kama lilivyo pale herufi kwa herufi, halafu kila fomu fuata hilo. Kama kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema hivi na cheti cha shule kinasema vile, tengeneza kiapo cha majina mapema, sio siku unaambiwa uje nacho ndani ya saa mbili.

Namba za vitambulisho nazo kila nchi na lake. NIDA yetu ina tarakimu 20 na inaanza na tarehe ya kuzaliwa, kitambulisho cha Kenya kilichozoeleka kina 8, NIN ya Uganda, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, ina herufi na tarakimu jumla 14, ya Rwanda tarakimu 16. Unakuta fomu ya nchi moja ina kisanduku cha tarakimu 8 na wewe una 20, mtu anakata anaweka 8 za mwanzo, ambazo kwetu ni tarehe yake ya kuzaliwa! Usifanye hivyo jamani. Tafuta sehemu ya mgeni kwenye fomu uweke namba ya pasipoti, karibu kila mfumo unayo ila imefichwa. Na tarehe andika mwezi kwa neno pale inaporuhusu, 03/04 imeshaleta ugomvi.

Kumbuka pia Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana tangu 2014 raia wao wavuke baina yao kwa kitambulisho tu. Mtanzania usijichanganye kwa sababu umemuona Mganda anapita na kadi, wewe beba pasipoti au kibali cha muda.

QR kodi sio saini

Hii niiseme taratibu. QR kodi ni vimraba vyeusi na vyeupe tu vinavyokupeleka kwenye anwani, na tapeli naye anaweza kuchora yake ikakupeleka kwenye tovuti aliyoitengeneza jana, ina nembo ya taifa na tiki ya kijani, safi kabisa. Ukiskani, soma anwani KABLA hujafurahi. Kwetu iishie na .go.tz, Kenya .go.ke, Uganda .go.ug, Rwanda .gov.rw, Burundi .gov.bi, na hilo neno liwe mwishoni mwa jina la tovuti, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina hilo, sio ile miwili ya https://, kwa sababu wajanja wanaliweka katikati. Njia bora kuliko zote, achana na QR, fungua tovuti ya taasisi mwenyewe kwa kuandika, tafuta sehemu ya uhakiki, ingiza namba ya hati. Kampuni ya Tanzania itafute kwenye mfumo wa BRELA, ya Kenya kwa msajili wao wa biashara kupitia eCitizen, ya Uganda kwa msajili wao, URSB.

Na wewe unayetuma, mrahisishie mwenzio, chini ya imeili andika mstari: hati hii inahakikiwa kwenye tovuti fulani, namba ni hii. Wengi hawakatai kwa ubaya, hawajui tu pa kuuliza.

Mzigo, ambako mambo yamenyooka zaidi

Ukitaka kuona Jumuiya ikifanya kazi kweli nenda forodha. Tangu 2014 kuna utaratibu wa himaya moja ya forodha, wakala wa mwenye mzigo anatoa taarifa nchi ya mwisho mzigo unakokwenda, kodi inalipwa huko, na ruhusa inaonekana kwa maafisa wa huku kabla lori halijang'oa nanga. Mifumo haifanani, TANCIS kwetu, iCMS Kenya, ASYCUDA Uganda na Rwanda, lakini taarifa zinapishana. Makosa ninayoyaona ni ya binadamu, uzito kwenye ankara hauendani na uzito kwenye taarifa, au namba ya lori imebadilika njiani kwa sababu gari liliharibika na hakuna aliyekumbuka kurekebisha.

Mwenye mzigo mdogo usiogope haya yote. Bidhaa zisizozidi dola 2,000, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zimezalishwa ndani ya Jumuiya, zina cheti rahisi cha uasili, unakipata hapo hapo mpakani kwa watu wa forodha. Kinakuondolea ushuru wa forodha tu lakini, vibali vya afya ya mimea na kodi nyingine viko pale pale, watu wanachanganya hilo wanaanza kugombana na mtu asiye na kosa.

Vidogo vidogo vinavyokwamisha

Laini ya simu. Mifumo mingi inatuma namba ya siri kwa meseji, ukivuka mpaka ukatoa laini yako kuweka ya wenyeji umejifungia nje ya akaunti yako. Washa huduma ya kutumia laini nje kabla hujaondoka, au nunua simu ya batani ya kuwekea laini ya nyumbani, mi nazo hapa dukani.

Malipo. Kontroli namba ya Tanzania, ile namba ya kulipia huduma za serikali, haijali nani analipa, kwa hiyo uliye nje mtumie ndugu mwenye laini ya huku akulipie, ila kabla ya kubonyeza athibitishe jina la taasisi na kiasi vinavyotokea kwenye skrini.

Kopi za vitambulisho. Usizisambaze kama njugu. Andika juu ya kopi kwa mshazari "kwa ajili ya maombi fulani tu" na tarehe. Sheria ya kulinda taarifa binafsi kwetu imeanza kutumika Mei 2023, Kenya na Uganda wana za 2019, Rwanda 2021, kwa hiyo una haki ya kuuliza mtu anaitunza wapi na kwa nini.

Karani akikataa hata hivyo

Usigombane, na usimwambie sheria inasema, hapo ndo umeharibu kabisa. Mwambie kwa heshima, mkuu, naomba uniingizie hii namba hapo kwenye kompyuta yako mwenyewe uone. Aingize yeye, kwa kidole chake, kwenye tovuti aliyoifungua yeye. Nimeona wagumu wakilainika pale pale, kwa sababu sasa haamini karatasi yangu, ameona mwenyewe. Akikataa hata hapo, omba akuandikie sababu na kifungu, hata kwenye kikaratasi, na jina na cheo chake. Mara nyingi unaambiwa subiri, anaingia ndani, anarudi na bosi.

Yule mama wa vitunguu tulimsaidia hivi: mnunuzi akasaini upya, mama akasaini juu ya faili lile lile kwenye kompyuta yangu kwa huduma waliyokubaliana, nikaliweka kwenye flashi mbili na imeili yake, bila kuprinti. Kwa ile ofisi ya muhuri tukapeleka kopi iliyoprintiwa, barua ya kampuni, taarifa ya msajili wa Kenya, na namba ya kuhakiki imeandikwa kwa kalamu nyekundu juu kulia. Karani alikaa na kompyuta yake dakika kama kumi na tano, netiweki ikakata mara moja, ikarudi, afu akachukua muhuri WAKE akagonga "imepokelewa". Lori la kwanza lilivuka Alhamisi.